Mwenye Mzigo

Probox nyeupe ilikata kona ya Daraja Mbili bila kuwasha taa. Ilikosa mkungu wa ndizi kwa upana wa kidole, na matusi ya mwenye ndizi yakaifuata.

Subaru Forester ya kijivu ikaifuata pia.

Abigael Nyangate hakupiga honi. Jasusi anayepiga honi atafute kazi nyingine. Alipita katikati ya marundo ya mitumba na mikokoteni ya kabeji, Glock 19 ikimbana kiunoni, macho kwenye namba za gari lililokuwa mbele.

Probox ikasimama ghafla.

"Amesimama," akasema. Kifaa kilichokuwa sikioni mwake hakikuzidi punje ya mahindi.

"Wapi?" Huyo alikuwa Nyakundi, mkuu wake wa kazi, akizungumza kutoka Nairobi.

"Kwa mama mboga. Ananunua chinsaga."

"Nimekutuma umfuate mhalifu, wewe unaniambia habari za mboga?"

"Ni Ijumaa jioni, mkuu. Obwocha ni Msabato. Jua likizama hapiki, hanunui wala hagusi kazi."

Nyakundi akaguna.

Huyo Obwocha alikuwa kituko. Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa aliiba kwa kompyuta. Jua la Ijumaa likitua, anakuwa mtakatifu hadi jua la Jumamosi litue. Alikuwa ameandika programu moja tu ya maana maishani mwake, na programu hiyo ilifanya kazi moja: kujaza fomu. Inafungua fomu ya elektroniki ya forodha, inatafuta kila sehemu ya kujaza, inaandika, inafunga, inafungua nyingine. Mamia ya fomu, na wewe bado unakoroga sukari kwenye chai.

Fomu zilikuwa za Gareth Pell, mgeni mwenye pasipoti mbili na ghala la majani chai nje kidogo ya Kebirigo. Ndani ya baadhi ya magunia ya chai yake mlikuwa na vipande vya bunduki vinavyovushwa mpaka wa Isebania kwenda kwa watu wasiokunywa chai.

Na kwenye kila fomu kulikuwa na sehemu iliyoitwa Mwenye mzigo.

Pell hakuwahi kujazwa pale. Yeye alitia sahihi kama wakala tu. Pale programu ilijaza jina la dereva.

Mwezi wa nne ilijaza Osoro Nyangate.

Osoro alikuwa mdogo wake Abigael, kitinda mimba, kijana wa kucheka ovyo ambaye hata kuku hakuweza kumchinja. Gunia lilipasuka njiani, akaona mitutu, akapiga simu kwa bosi wake kuuliza, maskini, kama kuna makosa yametokea. Mwili wake ulitolewa Mto Gucha. Polisi walipolishika lori, fomu zilisema mzigo ni wake, na Pell akasikitika mbele yao kwamba vijana siku hizi hawaaminiki. Akapewa maji ya kunywa, akaenda zake.

Kule kijijini kwao, Itumbe, walimzika Osoro kama anavyozikwa jambazi. Kwaya haikuja. Majirani walisimama mbali, mikono nyuma. Mama yake, Esnah, alikuwa hajakanyaga kanisani tangu siku ile.

Abigael alitaka damu. Tusizunguke. Alitaka damu ya Gareth Pell, na kila asubuhi alipopiga mswaki aliitaka zaidi.

"Namtaka hai," Nyakundi akasema sikioni, kana kwamba alikuwa akimsoma mawazo.

"Nimesikia."

"Sikuuliza kama umesikia."

"Hai, mkuu."



Alishuka garini, akajitia kuchagua vitunguu karibu na Obwocha. Mwanamume mnene, shati limepigwa pasi, simu begani.

"Mzee, laptopu nakuletea saa hii," Obwocha alikuwa akisema. "Kila kitu iko tayari. Kesho asubuhi programu itachukua fomu mpya kwa tovuti ya Forodha, ijaze. Wewe kazi yako ni kuangalia, kutia sahihi na kutuma... Hapana, mzee. Kesho simu itakuwa imezimwa. Hata ukinitishia. Sabato ni Sabato."

Abigael akaweka vitunguu chini.

Msafara wa malori ya Pell wa Jumamosi ulikuwa umemkosesha usingizi Nyakundi wiki nzima. Wangeweza kuyashika malori, ndiyo. Lakini fomu zingesema mzigo ni wa dereva mwingine, na Pell angesikitika tena na kupewa maji tena.

"Mkuu," akasema akirudi garini, "unaweza kuwaomba watu wa Forodha wabadilishe fomu yao kesho asubuhi?"

"Wabadilishe nini?"

"Jina la ndani la sehemu moja tu. Mtu akiangalia fomu haoni tofauti. Lakini programu hutafuta sehemu kwa lile jina la ndani. Isipolipata, inagoma."

"Halafu?"

"Halafu Pell atamtafuta fundi wake."

"Naye fundi yuko wapi?"

"Kanisani, mkuu. Anaimba."

Kwa mara ya kwanza wiki ile, Nyakundi alicheka.

*

Jumamosi asubuhi Kebirigo ilikuwa na jua na vumbi kidogo. Waumini walipita wamevaa vizuri, Biblia kwapani. Cyber mbili za pale sokoni, vibanda vya kukodisha kompyuta, zilikuwa zimefungwa, kwa sababu wenyewe walikuwa wale wale waliopita na Biblia.

Cyber ya tatu ilikuwa wazi. Haikuwapo jana.

SHEILA CYBER, kibao kilisema. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa. Ndani alikaa Abigael, nywele amezifunga kitambaa, miwani ya bei rahisi puani, anatafuna mahindi ya kuchoma. Naye alilelewa Msabato. Ila kuhusu kazi za Jumamosi, aliamini Mungu angemsamehe huyu mmoja.

Land Cruiser ikasimama kwa fujo. Akashuka Machogu, mpiga ngumi wa Pell, shingo hakuna, jasho tele.

"Bwakire, sista. Wewe ndio Sheila?"

"Bwakire buya. Ni mimi."

"Kompyuta unajua? Si hizi za kuprinti. Mambo ya programu."

"Nimesomea kidogo."

"Twende. Mzee amechizi. Fundi wetu simu hashiki, nimemwendea mpaka kanisa, mashemasi wakanifukuza."

"Ni pesa ngapi?"

"Ingia kwa gari, sista. Pesa si shida."

Aliingia. Glock aliiacha chini ya kaunta, kwa sababu Machogu angempekua.

Machogu alimpekua.

Ghala lilikuwa limezungukwa na mashamba ya chai, kijani kitupu hadi kilimani. Malori yalikuwa yamepakiwa, turubai zimefungwa. Dereva mmoja kijana alikuwa akifuta kioo cha lori la mbele kwa shati kuukuu, akipiga mluzi. Kifuani alikuwa na kitambulisho: Ongeri Mokua.

Abigael akalisoma jina mara mbili.

Pell alisimama ofisini mkono kiunoni, mrefu, mvi zimechanwa vizuri. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha watu wote mle ndani. Alikuwa amejifunza vitabuni, na aliongea kama anasoma hotuba.

"Karibu, binti. Nimearifiwa kwamba unafahamu tarakilishi."

"Kiasi tu, mzee."

"Programu hii imegoma. Nina mteja anayenisubiri mpakani hadi adhuhuri. Si mtu wa kuambiwa arudi kesho."

"Nikitengeneza?"

"Utapewa chakula chako."

Alisema hivyo akitabasamu, na Machogu akatabasamu pia. Abigael alielewa chakula cha aina gani hupewa watu walioona kompyuta ile.

Akaketi mbele ya ThinkPad nyeusi. Kwenye kioo, maandishi mekundu: sehemu haipatikani. Akaufungua msimbo. Obwocha alikuwa mwizi msafi, kila mstari umepangwa. Jina la dereva lilikuwa pale, likisubiri kuingia kwenye fomu zote: Ongeri Mokua. Jioni ya leo, kama mambo yangeenda alivyotaka Pell, kijana wa mluzi angekuwa mtoni.

"Fomu yao imebadilika," akasema. "Sehemu moja imepewa jina jipya. Ni dakika chache tu."

Hapo hakudanganya. Kurekebisha jina kulimchukua muda wa kupiga chafya.

Muda uliobaki aliutumia kwa mambo yake.

Kila sehemu ya fomu ya elektroniki ina vitu viwili. Kuna thamani, ndiyo inayosomwa na mashine. Kuna sura, mchoro tu wa maandishi, ndiyo inayoonwa na jicho. Programu nzuri hubadilisha vyote viwili pamoja. Programu mbovu hubadilisha thamani na kuiacha sura ya zamani palepale, na mafundi wamewahi kulia kwa sababu ya kosa hilo.

Abigael alilifanya makusudi.

Kwanza aliiacha programu ijaze kama ilivyozoea. Mwenye mzigo: Ongeri Mokua. Maelezo ya mzigo: majani ya chai. Thamani na sura zikafanana. Kisha akaongeza mistari michache ya kwake, ibadilishe thamani peke yake na sura isiiguse.

Mwenye mzigo: Gareth Pell.

Maelezo ya mzigo: vipande vya bunduki.

 

"Nilipata kukuona wapi?" Pell akauliza nyuma yake.

"Sijui, mzee."

"Uso wako ninaufahamu."

"Hata mimi naona kama namjua," Machogu akasema, akisogea. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti.

Abigael akageuka, akavua miwani, akampa Pell uso wote. Uso wa Osoro, paji lile lile.

"Mzee, sisi watu wa huku tunafanana. Nipigwe picha ndiyo nimalize kazi?"

Machogu akacheka kwanza. Pell hakucheka, ila alitazama saa yake, na saa ikamshinda.

"Maliza."

Akabonyeza. Fomu zikaanza kujaa, moja baada ya nyingine, mstari wa kijani ukikimbia kwenye kioo. Kisha kimya.

"Tayari. Angalia mwenyewe."

Na Pell akaangalia. Hakuwa mjinga. Alifungua fomu ya kwanza, akafungua ya katikati, akafungua ya mwisho, akisoma kwa kidole.

"Majani ya chai," akasema. "Ongeri Mokua. Safi kabisa."

Jicho lilisoma sura.

Akatoa mfukoni kifaa chake cha sahihi, kidogo kama flashi, akakichomeka, akaandika namba ya siri huku ameukinga mkono. Sahihi ya Gareth Pell ikagongwa kwenye kila fomu. Kisha, kwa kidole chake mwenyewe, hakushikwa mkono na mtu, akabonyeza Tuma.

"Mpeleke akale," akamwambia Machogu.

"Si tungoje jibu kwanza, mzee?" Abigael akasema kwa upole wa mtoto wa shule. "Pengine zimekataliwa."

Pell akasita. Jibu likaingia. Mashine ya Forodha haina macho. Huwa inasoma thamani tu.

GARETH PELL, TAMKO LAKO LIMEPOKELEWA. MZIGO: VIPANDE VYA BUNDUKI. MWENYE MZIGO: GARETH PELL.

La pili likaingia. La tatu. Yakaanza kumiminika, jina lake kila mstari, hadi kioo kikakosa nafasi.

Pell aliyasoma, midomo ikichezacheza.

Halafu akaelewa.

"Muue!"

Machogu akachomoa bastola. Abigael alikuwa ameshainyanyua ThinkPad kwa mikono miwili. Kompyuta zile hutengenezwa ngumu, na pua ya Machogu ilipata ushahidi wa kutosha. Risasi ikatoboa dari. Akampiga tena, kwenye kifundo cha mkono, bastola ikaanguka, akaiokota.

"Sasa!" akasema.

"Kikosi kinaingia," Nyakundi akajibu sikioni.

Geti likang'oka. Magari ya kikosi yakajaa uani, amri zikapigwa, na Ongeri Mokua akalala chini kifudifudi na shati lake la kufutia kioo kichwani, asijue kwamba siku yake ndiyo kwanza imekuwa njema.

Lakini dirisha la nyuma lilikuwa wazi.

Pell alikuwa anakimbia ndani ya chai.

"Anatoroka upande wa mlima," Abigael akasema, naye akaruka.

"Ngoja wenzako!"

Hakungoja.

Mgeni hajui kukimbia kwenye chai. Anadhani ni maua. Kumbe vichaka vile vimeshikana matawi kama watu wa ukoo mmoja, na ukikosa ujia, vinakukamata miguu. Abigael alizaliwa humo. Alipita ujia baada ya ujia, mwepesi, wakati Pell anararuliwa suruali. Kule juu wachumaji walikuwa kazini na vikapu mgongoni, maana si kila mtu pale ni Msabato. Walisimama kutazama.

Pell akaanguka. Akageuka, akakuta mdomo wa bastola.

"Piga," akasema akihema. "Ndicho ulichokifuata."

Ndicho alichokifuata. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, na kidole kilikuwa tayari.

"Abigael," sauti ya Nyakundi. "Hai."



"Mwezi wa nne ulimjaza dereva kwenye fomu," akamwambia Pell. "Halafu ukamtupa mtoni. Jina lake nani?"

Pell akapepesa macho. Alikuwa anajaribu kukumbuka, unaona, anajaribu kweli.

"Yupi?" akauliza.

Yupi! Abigael alihisi kitu kinapasuka ndani yake. Angelimuua kwa neno hilo tu. Alipiga risasi ardhini, karibu na sikio lake, udongo mwekundu ukamjaa mdomoni, na Pell akalia kama mtoto.

"Osoro Nyangate. Sema."

"Osoro Nyangate."

"Wale kule juu hawajasikia."

"Osoro Nyangate!"

Wachumaji wakatazamana. Mmoja akatua kikapu chake.

"Mzigo ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Kwa sauti!"

"Wangu! Mzigo ulikuwa wangu! Yule kijana hakujua lolote!"

"Nani alimuua?"

Pell akafumba macho. Bastola ikamgusa paji.

"Mimi niliagiza. Machogu akafanya. Mimi niliagiza!"

Mama mmoja kule juu akapiga ukemi, ule mrefu wa huko kwetu, na kilima cha pili kikauitikia. Habari ilikuwa imeanza safari, na njia za chai hazihitaji simu.

"Umerekodi, mkuu?" Abigael akauliza.

"Kila neno. Yuko hai?"

Abigael akamtazama yule mtu, udongo menoni, suruali imelowa.

"Kiasi," akasema.

Aliwaachia vijana wa pingu, akashuka mlima bila kugeuka nyuma, akijipangusa majani.

*

Obwocha walimchukua mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Askari waliketi benchi la nyuma wakangoja hadi sala ya mwisho, na mmoja wao, wanasema, aliimba vizuri sana.

Esnah Nyangate alikuwa ameketi nje ya nyumba yake Itumbe, mikono mapajani. Alimwona binti yake akiingia uani na udongo hadi magotini.

"Sabato njema, Mama."

"Sabato njema, mwanangu. Wamepita watu hapa. Wanasema mzungu amesema."

"Amesema, na kompyuta yake pia imesema. Mzigo ulikuwa wake. Osoro hakujua lolote."



"Mimi nilijua," Mama akasema. "Nilimzaa mimi. Wewe ndiye ulihitaji kompyuta."

Lilimchoma Abigael, na alistahili kuchomwa. Akainamisha kichwa.

"Amekufa?" mama akauliza.

"Hapana, Mama. Niliagizwa nimlete hai. Nisamehe."

"Nimeomba afe. Tangu siku ya mazishi, kila siku nikiamka. Mungu hakunisikiliza." Esnah akasimama taratibu, akiushika mlango. "Afadhali. Kufa ni kupumzika. Aishi huyo. Aishi miaka mingi, asikie jina lake mwenyewe likiitwa jela kila asubuhi."

Aliingia ndani. Akatoka amevaa viatu vyeusi na kitambaa cheupe kichwani, Biblia mkononi.

"Ibada ya mchana bado haijaanza. Nisindikize."

Walitembea bega kwa bega. Kanisani watu waligeuka. Wazee wa kanisa walisimama. Esnah hakumsalimia yeyote. Alipita katikati hadi benchi la mbele kabisa, pale walipoketi wake wa mashemasi, akasimama.

Wakasogea. Wote.

Akaketi.

Abigael alimtazama kutoka mlangoni. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Uko wapi?" Nyakundi akauliza. "Kuna jambo Mombasa."

"Nakuja, mkuu."

Akaelekea kwenye Subaru yake, akavua viatu, akakung'uta udongo, akavivaa tena na kuwasha gari.